Kupotea kwa Joto katika Majiko ya Kuni ya Nje: Mfano wa Lunyo, Mpakani mwa Uganda na Kenya

Katika Lunyo, wilayani Busia, Uganda, sawa na pande nyingine za mpaka huo, sufuria kubwa za maji na posho bado huinjikwa nje juu ya mafiga. Maji yanapochelewa kuchemka, mpishi huongeza kuni, ilhali mara nyingi kasoro si uchache wa moto bali ni joto linalopotea.

Uchunguzi uanze na kuni zenyewe. Kuni mbichi hutumia sehemu ya joto lake kuvukiza maji yaliyomo ndani yake. Moshi mzito ndio dalili. Pili ni upepo, unaoupeperusha mwali kando. Ukuta wa udongo unaoizunguka sufuria kwa upenyo mwembamba huukinga moto na kuielekeza hewa yenye joto ubavuni mwa chombo. Tatu ni kifuniko: kila lita ya maji inayogeuka mvuke huondoka na joto ambalo lingechemsha zaidi ya lita sita za maji baridi.

Hivyo basi, kabla ya mti mwingine kukatwa, vikaguliwe kwanza ukavu wa kuni, kinga ya upepo na kifuniko.