Mwizi Asiyetiwa Pingu

Njia ya umeme inayotoka Jinja, ikapita wilayani Tororo na kuvuka mpaka kuingia Kenya, ni mali ambayo askari na polisi wa pande zote mbili wamekabidhiwa kuilinda. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 umeme wa Uganda umekuwa ukivuka mpaka huo kwa msongo wa volti 132,000. Mwizi wa nyaya anajulikana, na dawa yake inajulikana. Yuko mwizi wa pili asiyeweza kutiwa pingu, nao ni ukinzani wa waya wenyewe, unaogeuza sehemu ya umeme kuwa joto usiku na mchana. Umeme unaopotea hivyo haumfikii mwananchi wa Iyolwa wala wa Busia.

Mwaka 1911, Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi kama nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani wake hutoweka kabisa. Baridi ya namna hiyo ni ghali mno. Mwaka 1986 Bednorz na Müller, huko Uswisi, waliliona jambo hilohilo katika udongo wa kuchomwa wenye shaba na oksijeni, kwa baridi iliyo nafuu zaidi. Mwaka uliofuata, huko Marekani, mchanganyiko wa itriamu, bariamu, shaba na oksijeni ulifanya kazi kwenye nyuzi 180 chini ya sifuri, baridi inayopatikana kwa naitrojeni ya maji, ambayo si ghali.

Ugumu ukabaki katika kuutengeneza. Udongo huo huvunjika kama chungu, haufumwi kuwa waya. Kwa hiyo hukuzwa kama utando, mwembamba kuliko unywele mara nyingi. Mwali wa leza hulipiga bonge la mchanganyiko ndani ya chombo kilichopunguzwa hewa. Mvuke unaoruka hutua juu ya kigae kilichopashwa moto wa nyuzi 700 hadi 800. Atomu za kwanza hujikusanya kama visiwa vidogo, visiwa vikapanuka na kukutana. Mahali pengine utando hupanda kwa kuzunguka, mfano wa ngazi ya mnara. Kisha hupozwa taratibu katika oksijeni. Ukikosa kuivuta ya kutosha, kazi yote imekwenda bure.

Askari aliyesimama kwenye gwaride ataelewa upesi yaliyobaki. Atomu hufuata mpangilio wa kigae kilicho chini yake, kama safu ifuatavyo mtu wa kulia. Tabaka za shaba zikilala sambamba na kigae, umeme hupita bila kizuizi. Kigae kikiwa na joto pungufu, baadhi ya fuwele husimama ubavu. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba fuwele mbili jirani zikipishana pembe inayozidi nyuzi kama 10, umeme unaovuka kati yao hupungua sana.

Hata hivyo, usafi uliokithiri nao haufai. Nguvu ya sumaku hupenya utando kama nyuzi nyembamba, na nyuzi hizo zikitembea, upotevu wa umeme hurudi. Kasoro ndogondogo ndizo zinazozikamata na kuzituliza, kama vizuizi vya barabarani. Fundi hodari hapigi vita kasoro zote, bali huchagua zipi zibaki.

Leo utando huo huwekwa juu ya utepe wa chuma. Mjini Shanghai, mwaka 2021, kebo ya namna hiyo yenye urefu wa kilometa 1.2 ilianza kupeleka umeme kwa wateja. Katika vipokezi vya redio, utando huohuo huchuja mawimbi yanayoingiliana. Itriamu ni ndugu wa madini adimu, na vilima vya Sukulu, karibu na mji wa Tororo, vina madini adimu pamoja na fosfeti, chuma na niobi. Niobi nayo hupoteza ukinzani, ila kwa baridi kali zaidi, kwenye nyuzi kama 264 chini ya sifuri.