Kushuku kwa Sababu za Kuridhisha: Istilahi Moja ya Sheria na Matumizi Yake

Askari polisi anapotaka kumkamata mtu bila hati, sheria haimtaki kwanza awe na uthibitisho wa kosa. Lakini pia haimruhusu kutenda kwa hisia tupu. Baina ya hisia na uthibitisho sheria imeweka kipimo cha tatu, nacho ndicho kinachotuhusu katika makala haya: askari awe anamshuku mtu huyo, na shuku yake iwe na sababu ambazo mtu mwingine mwenye akili timamu, akielezwa, angeona zinatosha kumfanya mtu ashuku.

Kipimo hiki kimeandikwa kwa Kiswahili kwa namna nyingi. Wako wanaosema sababu za msingi, wengine sababu za kutosha, wengine sababu za maana, na wengine sababu za kuridhisha. Zamani tofauti hizo hazikuleta taabu kubwa, kwa kuwa matini rasmi ya sheria ilikuwa ya Kiingereza, na palipotokea ubishi hakimu alirejea huko. Hali hiyo ilibadilishwa na Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama nchini Tanzania. Tangu hapo neno atakalolichagua mfasiri laweza kuwa ndilo neno litakalopimwa mahakamani, na uhuru wa mtu waweza kutegemea neno hilo. Kwa hiyo tumeona vema kuieleza dhana yenyewe kwanza, kisha kuyapima maneno yanayoshindana, na mwisho kutoa mapendekezo.

Sehemu mbili za dhana

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Na. 9 ya mwaka 1985, ilimpa askari polisi uwezo wa kumkamata bila hati mtu anayemshuku, kwa sababu za kuridhisha, kuwa ametenda kosa la aina zilizotajwa humo. Dhana hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza imo nafsini mwa askari: ni lazima awe anashuku kwa kweli. Ya pili iko nje ya nafsi yake: ni lazima pawe na mambo yanayoweza kutajwa na kupimwa na mtu mwingine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kisesa ni mji mdogo wilayani Magu, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Tuseme ng'ombe wawili wameibwa usiku katika kijiji cha jirani, na alfajiri mtu mmoja anakutwa karibu na Kisesa akiswaga ng'ombe wawili. Askari wa kwanza anamkamata, na akiulizwa anajibu, "Nilipomtazama tu, moyo wangu ulimkataa." Huyu ana shuku, lakini hana sababu. Askari wa pili alikwisha pokea taarifa za rangi na alama za ng'ombe walioibwa. Anaona kwamba hawa wanafanana nao. Anamwuliza mswagaji alikowatoa, naye anatoa maelezo mawili yanayopingana. Huyu ana shuku na ana sababu. Askari wa tatu ana taarifa zote za yule wa pili, ila anajua hakika kwamba ng'ombe wale walinunuliwa kwa halali, kwa kuwa aliyashuhudia mauzo yenyewe; anamkamata mswagaji kwa ajili ya ugomvi wao wa zamani. Huyu ana mambo ya kutaja, lakini hana shuku. Kati ya watatu, ni wa pili peke yake aliyefikia kipimo cha sheria.

Msomaji aangalie kwamba hata askari wa pili hana uthibitisho. Huenda mswagaji alibabaika kwa hofu tu, na ng'ombe ni wake. Jambo hilo lilielezwa wazi na Lord Devlin katika rufani iliyotoka Malaysia na kuamuliwa London, Hussien dhidi ya Chong Fook Kam, iliyochapishwa katika taarifa za kesi za mwaka 1970. Kwa muhtasari alieleza kwamba kushuku ni hali ya kukisia pale ambapo uthibitisho haujapatikana. Shuku hukaa mwanzoni mwa upelelezi, na uthibitisho ndio mwisho unaotafutwa. Kwa hiyo istilahi ya Kiswahili haina budi kuwa nzito kiasi cha kuizuia hisia tupu, lakini isiwe nzito hata ikadai uthibitisho kabla ya upelelezi kuanza.

Shuku ya wengi si sababu

Hapa Usukuma kuna funzo ambalo mfasiri hapaswi kulisahau. Kwa miaka mingi vikongwe wenye macho mekundu walishukiwa kuwa wachawi, na wengi waliuawa. Macho hayo aghalabu huwa mekundu kwa ajili ya moshi wa jikoni, hasa moshi wa samadi ya ng'ombe inayotumiwa badala ya kuni pale miti ilipoadimika. Waliowashuku hawakuwa wakijisingizia. Walishuku kwa dhati, na pengine kijiji kizima kilishuku pamoja nao. Hata hivyo, sababu ya kuridhisha haikuwapo. Wingi wa watu wanaoshuku jambo moja hauongezi chochote katika sehemu ile ya pili ya dhana yetu, ikiwa hakuna hata mmoja wao awezaye kutaja jambo linaloelekeza kwenye kosa.

Kosa hilo laweza kutendwa pia na vyombo vya dola. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ulifanyika msako mkubwa wa kukomesha mauaji, ambayo mengi yalihusishwa na imani za uchawi. Watu wengi walikamatwa, wakateswa, na baadhi yao wakafa wakiwa mikononi mwa waliowakamata. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, alijiuzulu akibeba dhamana ya kisiasa ya mambo hayo. Lengo la msako lilikuwa kuokoa maisha ya watu, na hakuna aliyeweza kulilaumu lengo lenyewe. Lakini lengo jema si sababu ya kumkamata mtu huyu badala ya yule.

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano kwa marekebisho ya mwaka 1984. Ibara ya 15 inakataza mtu kukamatwa ila kwa hali na utaratibu uliowekwa na sheria, na ibara ya 13 inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya kosa kuthibitishwa. Maneno "hali na utaratibu" hayana nguvu ikiwa kipimo kilichoandikwa katika sheria kinaweza kusomwa kila mtu apendavyo.

Maneno yanayoshindana

Sababu za msingi. Msingi wa nyumba ni kitu kinachobeba vingine vyote. Katika mazungumzo ya kila siku, sababu ya msingi ni sababu kuu kuliko nyingine. Askari aweza kuwa na sababu kuu ya kumkamata mtu, nayo ikawa ugomvi wa shamba. Neno hili linataja ukubwa wa sababu, halitaji ubora wake.

Sababu za kutosha. Neno hili laelekea kwenye kosa la pili, yaani kudai mengi mno. Mtu akisoma kwamba askari hana budi kuwa na sababu za kutosha, huuliza: za kutosha kwa ajili ya nini? Wengi hujibu kuwa ni za kutosha kumtia hatiani, jambo ambalo ni kazi ya mahakama.

Sababu za maana. Ni msemo wa Kiswahili safi, na mwananchi aliyekamatwa ovyo husema kweli kwamba amekamatwa bila sababu ya maana. Ila maana huchukua pia fikira ya cheo na thamani, kama tunaposema mtu wa maana. Kwa sheria, tunahofu kwamba neno hili limelegea.

Sababu za kuridhisha. Neno hili lina faida moja kubwa: linaweka uzito katika sababu zenyewe na uwezo wake wa kumridhisha mwenye kuzipima. Kasoro yake ni kwamba halimtaji huyo mwenye kuridhishwa. Tusipoangalia, litasomwa kuwa ni sababu zilizomridhisha askari mwenyewe, na hapo sehemu ya pili ya dhana itakuwa imepotea. Hata hivyo kasoro hii yaweza kuondolewa kwa ufafanuzi mmoja katika sheria, yaani kwamba anayeridhishwa ni mtu mwenye busara aliyewekwa mahali pa askari na kupewa taarifa zile zile. Kasoro za maneno mengine haziondoki kwa urahisi huo.

Iko hatari nyingine ya kuangaliwa. Sheria ile ya 1985, katika habari za upekuzi, inamtaka mkuu wa kituo cha polisi kwanza awe ameridhika nafsini mwake kwamba zipo sababu za kuridhisha za kushuku kuwa kitu fulani kimo ndani ya jengo, chombo, sanduku au mahali pengine. Mfasiri mvivu ataandika: "Mkuu wa kituo akiridhika kwamba kitu hicho kimo ndani ya nyumba." Hapo ameziondoa sababu, ameiondoa shuku, na ameuacha uamuzi wote kwa mtu mmoja. Mfasiri mwaminifu lakini asiye mwangalifu ataandika: "akiridhika kwamba kuna sababu za kuridhisha", na sentensi itazunguka mahali pamoja. Sisi tungeandika: "Mkuu wa kituo akiwa na yakini kwamba zipo sababu za kuridhisha za kushuku kwamba kitu hicho kimo ndani ya nyumba." Yakini ni ya kuwapo kwa sababu, kuhusu kitu chenyewe, mkuu wa kituo bado anashuku tu.

Shuku, shaka na tuhuma

Maneno shuku na shaka yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na katika maongezi huchanganywa. Katika sheria kuyachanganya ni hatari, kwa kuwa yanafanya kazi mbili zinazopingana. Shuku ya askari ndiyo inayomruhusu kumkamata mtu. Shaka ya hakimu, mwishoni mwa kesi, ndiyo inayomtoa mtu huyo kizimbani akiwa huru, kwa maana mashtaka ya jinai hayana budi kuthibitishwa pasipo kuacha shaka yenye sababu. Mwanafunzi akifundishwa kwamba mtu "alikamatwa kwa shaka" na "aliachiliwa kwa shaka", hataelewa neno hilo hilo lilimfungaje na kumfunguaje mtu mmoja.

Tuhuma ni jambo la tatu. Tuhuma ni yale yanayosemwa juu ya mtu. Yaweza kumfikia askari kutoka kwa jirani, kwa sungusungu walioitikia mwano, au kwa barua isiyo na jina. Tuhuma yaweza kuwa chanzo cha shuku, lakini lazima ipimwe: nani amesema, amejuaje, na lipo jambo gani jingine linaloiunga mkono?

Ukaguzi na upekuzi

Kipimo hiki hakiwahusu polisi peke yao. Maofisa wa uvuvi, wa afya, wa vipimo na wa forodha nao hupewa uwezo na sheria zao. Katika Ziwa Victoria, ambako Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 hutumika na ambako Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilizisaka nyavu haramu na samaki wachanga, maneno haya si nadharia kwa mvuvi.

Ofisa anapofika mwaloni na kuomba leseni za wavuvi wote, au kupima matundu ya nyavu za kila mtumbwi, huo ni ukaguzi. Ukaguzi wa kawaida, pale sheria inapouruhusu, hauhitaji kumshuku mtu yeyote. Lakini ofisa anapouchagua mtumbwi mmoja na kufungua mizigo yake kutafuta kokoro lililofichwa, huo ni upekuzi, na hapo ndipo yafaa aulizwe sababu zake. Tukiviita vitendo hivyo viwili kwa jina moja, ofisa ataweza kupekua akisema anakagua.

Mapendekezo

Tunapendekeza matumizi yafuatayo:

1. Sababu za kuridhisha itumike kwa kipimo tulichokieleza, na ifafanuliwe kwa kumtaja mtu mwenye busara.
2. Shuku na kushuku yatumike kwa hali ya nafsi ya askari au ofisa. Shaka iachiwe uamuzi wa mahakama. Tuhuma iwe ni maelezo yaliyotolewa juu ya mtu.
3. Pale sheria inapodai zaidi ya kushuku, kuamini litumike, na mfasiri asiyabadilishane maneno hayo mawili kwa ajili ya kupamba lugha.
4. Mtu asiyekamatwa bado aitwe mshukiwa, aliyekamatwa aitwe mtuhumiwa, aliyefikishwa mahakamani aitwe mshtakiwa. Neno mhalifu lisitumike katika taarifa za ofisi kabla ya hukumu.
5. Ukaguzi na upekuzi yatenganishwe.

Haya ni mapendekezo, wala si uamuzi, na wasomaji wanaombwa kutuletea maoni yao. Tungependa hasa kuyapata kutoka kwa wale wanaofanya kazi na maneno haya kila siku: makarani wa mahakama za mwanzo, askari wa vituo vidogo, na walimu wa uraia. Nao wayajaribu mapendekezo yetu kwa swali moja. Mtu aliyekamatwa Kisesa usiku, akiuliza kwa nini amekamatwa, kama sheria inavyompa haki kuelezwa, je, askari aliyeisoma sheria katika Kiswahili chetu atajua kwamba anapaswa kumtajia jambo, wala haitoshi kumwambia kwamba anashukiwa?