Uvimbe, Mchochota na Neva: Chakula Kinapokwama Umioni

Mkazi wa Silibwet, katika kaunti ya Bomet, anaposhindwa kumeza ugali na kumweleza tabibu asiyejua Kikipsigis, huenda akasema kwa Kiswahili kuwa ana "uvimbe kooni". Kauli hiyo haina kosa la kisarufi, lakini kitabibu ina utata. Neno uvimbe hubeba dhana mbili: hali ya tishu kuwaka, kuuma na kujaa maji kutokana na jeraha au viini vya maradhi, na nyama inayoota pasipotakiwa, ambayo huweza kuwa saratani. Silibwet haiko mbali na Hospitali ya Tenwek, ambayo madaktari wake walieleza katika jarida la Lancet mwaka 2002 kuwa saratani ya umio huko Bomet ilikuwa ikiwapata hata vijana. Katika mazingira hayo utata wa neno moja si suala la wanaisimu peke yao.

Kwa dhana ya kwanza, Kiswahili kina istilahi inayofaa zaidi, nayo ni mchochota. Mroma Celsus, katika karne ya kwanza, alitaja dalili nne za hali hii: wekundu, joto, maumivu na uvimbe. Uvimbe, basi, ni dalili moja tu miongoni mwa nne.

Istilahi nyingine yenye walakini ni "mshipa wa fahamu". Mshipa peke yake ni njia ya damu, na katika mazungumzo ya kila siku ni maradhi pia. Isitoshe, neva za mfumo wa kumeng'enya chakula hufanya kazi pasipo fahamu ya mwenye tumbo. Kwa hiyo neno neva, ingawa ni la mkopo, linafaa zaidi hapa.

Neva hizo ni nyingi mno. Katika miaka ya 1860, Mjerumani Leopold Auerbach alieleza mtandao wa neva uliolala kati ya tabaka mbili za misuli, kuanzia umio hadi mwisho wa utumbo. Mtandao huu, pamoja na ule ulio chini ya utando wa ndani, una seli za neva zaidi ya milioni 100. Tonge linapomezwa, neva huamrisha misuli iliyo nyuma ya tonge ijikaze na ile iliyo mbele yake ilegee, na hivyo tonge husukumwa hatua kwa hatua. Mwishoni mwa umio mna msuli wa mviringo ambao sharti ulegee ili chakula kiingie tumboni.

Mchochota huuvuruga mpango huu. Seli za kinga hutoa kemikali zinazozichokoza ncha za neva, hata mguso wa kawaida ukawa maumivu. Utumbo, ambamo hutengenezwa takribani asilimia 90 ya serotonini yote ya mwili, hujikaza ovyo, na kuhara hufuata. Kuna watu ambao neva zao hubaki na wepesi huo wa kuchokozeka miezi mingi baada ya viini kutoweka. Neva nazo huathiri mchochota: mwaka 2000 Kevin Tracey na wenzake walionyesha, kwa kutumia panya, kwamba kusisimua neva ya vagasi hupunguza kemikali za mchochota. (Imani kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo tu ni suala jingine, Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria anayehusika.)

Katika umio, uhusiano huu huonekana wazi zaidi katika ugonjwa uitwao akalezia. Mchochota huziua neva zinazolegeza ule msuli wa mviringo. Mlango hubaki umefungwa, na chakula hukaa juu yake hadi kirudi mdomoni. Hapa hakuna nyama iliyoota hata kidogo.

Saratani hufuata njia nyingine. Utando wa umio unapojeruhiwa mara kwa mara, mchochota usiokoma huweza kuchangia mabadiliko ya seli. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Hatari iko katika joto, si katika majani ya chai ambayo ndiyo riziki ya Kericho na Bomet. Hata hivyo, chai haiwezi kubebeshwa lawama zote. Pombe, tumbaku na moshi wa kuni vimechunguzwa pia, na hata mursik.

Kwa mgonjwa wa Silibwet, swali lenye manufaa ni hili: ni nini kilichoanza kukwama? Ikiwa ugali na nyama vilitangulia, kisha uji, na hatimaye maji, yaelekea njia inazibwa na kitu kinachokua. Ikiwa maji na ugali vilianza kukwama kwa pamoja, shaka huelekea kwenye neva. Majibu hayo hayatoshi kuthibitisha ugonjwa, na katika hali zote mbili hapana budi umio uchunguzwe kwa kamera bila kukawia. Lakini "uji unapita, ugali haupiti" humweleza tabibu mengi kuliko "nina uvimbe".