Sabuni ya kunyolea ya bei nafuu na wembe wa nyumba nzima



Siku moja alikuja zahanati baba mmoja na wanawe wawili. Wote watatu walikuwa na vipele vyenye usaha, baba kisogoni, vijana shingoni na kidevuni. Nilipouliza wananyolea nini, baba alijibu bila wasiwasi kwamba wembe upo bafuni, umechomekwa juu ya mlango. Mwenye haja anautumia na kuurudisha. Na sabuni? Ile ile ya mche, ya kufulia.

Nadhani nyumba za namna hiyo ni nyingi. Ndiyo maana leo tuzungumzie kunyoa, jambo ambalo kwetu Waislamu si urembo tu. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kunyoa sehemu za siri, kutoa nywele za kwapa, kupunguza masharubu na kukata kucha ni katika mambo ya maumbile safi ya binadamu. Katika hadithi ya Anas bin Malik (RA) aliyoipokea Imam Muslim, tumewekewa ukomo wa siku 40 tusiupite. Ndevu tumeagizwa kuziacha. Lakini yapo mengine: kichwa, kisogo, mtoto wa akika siku ya saba, na hujaji anayemaliza ibada yake. Kwa hiyo wembe hauepukiki. Swali ni namna ya kuutumia.

Kwa nini si sabuni ya kufulia?

Ngozi ya binadamu ina uchachu kidogo, na uchachu huo ni kinga dhidi ya vijidudu. Sabuni ya kufulia ina ukali wa magadi. Huondoa mafuta ya ngozi, ikaiacha kavu na yenye kuwasha. Isitoshe, povu lake ni jepesi, hupasuka kabla hujamaliza shavu moja. Wembe ukipita juu ya ngozi isiyo na utelezi hukwaruza, na kila mkwaruzo ni mlango wa vijidudu.

Sabuni ya kunyolea hutengenezwa kwa makusudi mengine. Huwa na asidi ya steariki kwa wingi, na aghalabu huchanganywa na potasi. Hiyo ndiyo inayoleta povu zito linalokaa, lenye kushika maji kwenye nywele na kuupa wembe utelezi.

Nilinunua kipande kimoja cha bei ya chini, kisichozidi bei ya soda mbili, nikakitumia mwezi mzima. Siku za mwanzo sikupata kitu. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na maji magumu huifanya sabuni igande badala ya kutoa povu. Nilipotumia maji ya mvua, povu lilikuja zito kama maziwa mgando. Kosa langu la pili lilikuwa kuzidisha maji. Brashi iwe na unyevu, isichuruzike. Baada ya hapo sikuona haja ya povu la kopo, ambalo bei yake ni mara nyingi zaidi na huisha upesi. Kasoro niliyoiona ni ngozi kukauka kidogo, na tone la mafuta ya nazi liliimaliza.

Soma lebo kabla hujanunua

Hapa pana jambo linalomhusu Muislamu. Sabuni nyingi za bei nafuu hutengenezwa kwa mafuta ya wanyama. Ukiona kwenye karatasi yake maneno "tallow" au "sodium tallowate", jua ni mafuta ya mnyama, na mara nyingi hutaambiwa mnyama gani wala kachinjwaje. "Sodium palmate" ni mafuta ya mawese. Wanachuoni wa Kihanafi wanaona najisi ikigeuka kabisa kuwa kitu kingine, kama sabuni, hutoharika. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, mlango huo ni mwembamba sana. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, au achague ya mawese apumzike.

Brashi nayo ina mtihani wake. Brashi nyingi za bei ndogo ni za nywele za nguruwe, na huandikwa "bristle" au "boar". Muuzaji wangu hakujua maana yake. Kwa Shafi, najisi ya nguruwe ikigusana na kitu chenye maji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hebu fikiria unajipaka usoni kabla ya swala ya Ijumaa! Chukua brashi ya nailoni. Ukiwa na shaka, choma unywele mmoja. Wa nailoni huyeyuka na kuwa kidonge, wa mnyama hunuka kama nywele zilizoungua. Ukikosa brashi kabisa, viganja vyako vinatosha.

Namna ya kunyoa

Nyoa baada ya kuoga, au lowesha kwa maji ya uvuguvugu dakika 2 hadi 3. Unywele uliolowa hulainika na kukatika kwa urahisi. Paka povu, liache kidogo. Shika wembe kwa mlalo, usikandamize, ufuate uelekeo wa nywele zinapoota. Usirudie rudie sehemu moja. Suuza kwa maji baridi, kausha kwa kugusagusa, si kwa kusugua. Shabu husaidia kuzuia damu, lakini nayo isiwe ya nyumba nzima.

Kwa sehemu za siri, povu na wembe viishie nje. Akina mama wasiingize sabuni ndani, kwani huharibu kinga ya asili. Kwa mtoto wa akika, wembe uwe mpya, mikono ioshwe, na anyoe mwenye uzoefu.

Wenye nywele za kipilipili tuna tatizo letu. Unywele uliokatwa karibu mno hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, ukazaa vipele vya ndevu. Mwenye vipele hivyo asikate mpaka kwenye ngozi, wala asivichokonoe kwa pini. Aache kunyoa kwa wiki nne hivi. Tazama hekima ya kuacha ndevu: hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya vipele vya kidevuni. Usijipake krimu za madukani zenye dawa kali bila kuandikiwa. Hutuliza leo, kesho ngozi imekuwa nyembamba. Uvimbe ukisambaa, au ukipata homa, nenda kituo cha afya.

Kila mtu wembe wake

Sabuni nzuri haiondoi hatari ya kuchangia wembe. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata katika damu iliyokauka isiyoonekana kwa macho. Ugonjwa huu huweza kukaa miaka bila dalili, kisha ukaishia kwenye kusinyaa kwa ini au saratani. Kuna homa ya ini ya C na virusi vya UKIMWI pia. Kuupangusa wembe kwa spiriti au kuupitisha kwenye maji moto si kuusalimisha. Hata mume na mke wasichangie.

Kwa kinyozi, mwambie afungue wembe mpya mbele yako. Si utovu wa adabu, ni haki yako. Ukienda Hijja, usimpe kichwa kinyozi wa barabarani mwenye wembe wa kila mtu. Homa ya ini B ina chanjo. Kapime, na kama huna, chanja.

Wembe uliokwisha weka kwenye kopo lenye mfuniko, usitupe jalalani watoto wanapocheza.

Yule baba alirudi baada ya wiki tatu, vipele vimekauka. Alisema amenunua kipande kimoja cha sabuni ya kunyolea, na nyembe tatu, kila mmoja na yake. Nikamuuliza gharama, akacheka. Ilikuwa ndogo kuliko nauli waliyotumia kuja zahanati siku ile.