Boga Halikatwi Kikonyo

Ujumbe wa sauti ulinifikia Gitega, hapa Burundi, jioni, umetumwa na mama mmoja anayeuza maharage sokoni Muyinga. Nyuma yake zilinguruma pikipiki, na kijana mmoja alikuwa akiita abiria wa Kobero. "Amahoro, dada. Swali langu ni la aibu kidogo. Nasikia kuna upasuaji wa kupunguza maziwa. Shoga yangu anasema wanaikata chuchu, wanaiweka kwenye sahani, wakishamaliza ndio wanairudisha na kuishona kama kifungo cha shati. Ni kweli? Na mtu akifanyiwa hivyo ananyonyesha tena? Mimi mgongo umekwisha, lakini mtoto mmoja bado namtaka. Halafu, hiyo nyama wanayoitoa ni kilo ngapi?"

Niliusikiliza mara tatu kwa ajili ya ile sahani.

Nitasema ziwa, kama alivyosema yeye, ingawa sisi wa nchi yenye Ziwa Tanganyika hatuna budi kuwa macho na herufi kubwa. Ziwa limeumbwa na nini, na kwa nini wengine hujaliwa makubwa kupita wengine, hayo yamo kwenye vitabu vya shule, nayaruka. Mgongo wenyewe nitaupa maneno machache tu. Mzigo ulio mbele ya kifua hushikwa na misuli ya nyuma, inayovuta mchana kutwa kama kamba za turubai. Misuli hiyo iko sentimita chache tu kutoka kwenye uti wa mgongo, ilhali ziwa liko mbali mara tatu au nne. Basi kilo moja ya mbele hudai mvuto wa kilo tatu au nne nyuma. Inama na jembe kwenye kilima cha Muyinga, deni linapanda. Wapo wanaodhani mtoto wa mgongoni husawazisha mizani. Kwa hesabu anavuta upande wa pili, ni kweli, lakini kitenge kinachomshika hupita juu ya maziwa yale yale, na misuli haipumziki kwa kubanwa huku na huku. Ongeza mifereji inayochimbwa mabegani na kamba za sidiria, vipele vya jasho chini ya maziwa, na kwa wengine ganzi ya vidole, na utaelewa kwa nini mama huyu hakuniuliza habari za urembo.

Sasa sahani. Shoga yake hakudanganya, ila habari yake ina umri wa miaka mia moja. Mwaka 1922 Max Thorek, daktari wa Chicago, alieleza njia ya kuikata chuchu kabisa, kupunguza ziwa, kisha kuipandikiza mahali papya kama kipande cha ngozi. Mara nyingi ilishika. Lakini chuchu iliyopandikizwa hivyo huwa imekatiwa njia ya maziwa, na hisia zake hupungua sana. Njia hiyo bado hutumika leo kwa maziwa makubwa mno, au kwa mgonjwa ambaye mishipa yake ya damu haiaminiki. Kwa walio wengi, chuchu haigusi sahani yoyote. Haitengani na mwili hata dakika moja, ingawa hupandishwa sentimita kadhaa kutoka mahali ilipokuwa.

Inawezekanaje? Hapa ndipo ninapoomba subira ya msomaji, kwa sababu hapa ndipo nilipopapenda.

Kwanza tupate neno. Ile sehemu ya nyama inayoachwa ikiishikilia chuchu, na kuilisha damu wakati kila kitu kando yake kinakatwa, madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa huiita pedikuli. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kiguu kidogo. Kiguu hakinifai, maana hakuna kinachotembea. Nimewasikia wengine wakisema shina, lakini shina husimamisha, na hapa tunataka kitu kinacholisha. Mshipa ndiyo balaa zaidi, kwani kwa Kiswahili mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, na mzee akiumwa kinena, huo nao ni mshipa. Neno tunalo, tena kila mtoto aliyewahi kurushia embe jiwe analijua: kikonyo. Ndicho hushika tunda mtini, na ndicho hupitisha utomvu wa kulilisha. Tunda likiwa kubwa kama kichwa cha mtu, kikonyo chake ni kidole tu, na kinatosha. Nitasema kikonyo hadi mwisho wa makala, na anayetaka pedikuli aende nayo. (Jina la Kiswahili la fani nzima, upasuaji rekebishi, ambalo Watanzania walilisikia sana miaka michache iliyopita hospitali ya Muhimbili ilipotangaza huduma hizo kwenye tawi lake la Mloganzila, nalo linanikereketa kidogo. Hurekebishwa kilichoharibika. Ziwa kubwa halijaharibika, ni zito tu.)

Tuchukue boga. Limetambaa mpaka chini kabisa ya shamba, bondeni, na wewe unalitaka juu ya paa la jiko. Ukilikata na kulibeba, utakuwa na boga juu ya paa, lakini siku zake zinahesabika. Mwenye akili halikati. Anasafisha pembeni, anang'oa magugu, anaondoa udongo usiohitajika, mpaka mtambaa wenyewe unabaki wazi pamoja na boga lake. Kisha anauinua wote kwa pamoja, taratibu, na kuulaza kwa mkunjo mpana hadi paani. Anajua mambo manne. Asiusokote, kwa sababu maji hayapiti kwenye uzi uliosokotwa. Asiuwekee jiwe juu. Asiuchonge ukawa mwembamba kwa tamaa ya kupunguza uzito. Na asiufanye mrefu kupita kiasi, maana ncha ya mbali ndiyo ya kwanza kunyauka. Sheria za chumba cha upasuaji ni hizo hizo nne.

Kisha kuna jambo ambalo mkulima yeyote amelishika mkononi: mtambaa wa boga huota mizizi kwenye mafundo yake. Hulishwa na shina mama, na pia na fundo hili na lile njiani. Ziwa nalo ni hivyo. Damu huingia kutoka kando ya mfupa wa katikati ya kifua, huingia kutoka upande wa kwapa, na huingia kwa chini kupitia kati ya mbavu. Kwa hiyo daktari ana hiari. Anaweza kuacha kikonyo cha chini, kinachotoka kwenye mkunjo wa ziwa, njia iliyoenea sana tangu miaka ya 1970. Au anaacha kikonyo cha juu upande wa ndani, na kukata chini na pembeni, mahali ambapo uzito mwingi hukaa. Mafundo mengine yakikatwa, boga linakula kwa lililobaki.

Mwaka 1930 daktari Schwarzmann wa Vienna alionyesha kwamba mtandao mzuri wa mishipa midogo ya damu kuizunguka chuchu uko ndani ya ngozi yenyewe, kwenye tabaka lake la chini. Kwa hiyo ngozi inayofunika kikonyo haitupwi. Humenywa. Tabaka la juu kabisa huondolewa kwa wembe, jembamba kuliko ganda la kiazi, na lile la chini linaachwa jeupe, likitoa vitone vya damu kama umande. Tabaka la juu lingeachwa na kuzikwa ndani, lingeendelea kutoa mafuta na taka zake gizani na kuleta vivimbe. Likimenywa, kikonyo hukunjwa na kufichwa ndani ya ziwa jipya, na kwa nje hubaki chuchu peke yake na duara lake, likichungulia kwenye tundu la milimita 40 hivi.

Daktari anajuaje kwamba boga linakula? Kwenye ngozi nyeupe hutazama rangi. Kwenye ngozi zetu rangi hudanganya, basi hutazama ukingo: damu inayochuruzika ikiwa nyekundu, mambo ni salama; ikigeuka ya zambarau, damu inaingia lakini haipati njia ya kutoka. Hapo nyuzi hulegezwa haraka.

Wanaodhani huu ni ujanja wa matajiri wa ng'ambo watazame karibu. Hapa hapa Gitega kipo Kituo cha Urumuri, kilichofunguliwa mwaka 2010 na Madaktari Wasio na Mipaka kwa ajili ya wanawake wenye fistula ya uzazi. Katika tiba ya fistula duniani kuna mbinu ya Martius, ya mwaka 1928: kipande cha mafuta ya mashavu ya uke huachwa kwenye kikonyo chake, hupitishwa chini ya ngozi, na kulazwa juu ya tundu la fistula lililoshonwa ili kulipelekea damu mpya. Ni boga lile lile, limehamishiwa paa jingine.

Lakini boga halina hisia, na hapo mfano wangu unaniacha njiani. Chuchu hupata hisia zake hasa kwa tawi la neva ya nne kati ya zile zinazopita baina ya mbavu. Kwa wanawake wengi tawi hilo hutambaa chini kabisa, juu ya msuli wa kifua, kisha hupanda katikati ya ziwa. Mtoto anaponyonya, habari hupanda kwa neva hiyo hadi ubongoni. Tezi iliyo chini ya ubongo humwaga homoni mbili, prolaktini inayotengeneza maziwa na oksitosini inayoyasukuma nje. Neva ikikatwa, mtoto anabisha hodi na ndani hakuna anayesikia. Mirija ya maziwa ikikatwa, hodi inasikika ila mlango umezibwa. Kikonyo kinene, kilichoacha nguzo nzima ya tezi chini ya chuchu, huokoa vyote viwili. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la PLOS One yalikuta kwamba nguzo hiyo ikiachwa nzima, karibu wanawake wote waliweza kunyonyesha. Ikiachwa nusu, kama robo tatu. Isipoachwa kabisa, asilimia 4 tu. Kunyonyesha huko si lazima kuwe bila kuongezewa maziwa mengine, lakini tofauti hiyo inatosha kumfanya mama wa Muyinga aulize, kabla ya jambo lolote: "Daktari, kikonyo changu utakiacha wapi?"

Kikonyo kikishasalimika, kilichobaki ni ushonaji, na sisemi kwa utani. Mwaka 1956 daktari Mmarekani aitwaye Robert Wise alichapisha kielelezo cha kukatia ngozi alichokitoa kwenye ukataji wa sidiria. Nilikipeleka kwa fundi cherehani mmoja hapa Gitega bila kumwambia ni cha nini: tundu kama la kitasa, na miguu miwili iliyotanuka chini yake. Alikigeuza mara moja, akakata gazeti, akaikutanisha ile miguu kwa pini, na karatasi iliyokuwa bapa ikasimama kama koni. "Hiki ni kifua cha gauni," akasema. Alama hizo huchorwa kwa kalamu mwanamke akiwa amesimama, kwa sababu akilala ziwa huhama na kipimo hupotea. Kovu linalobaki lina umbo la nanga: duara, mstari wa kushuka, na upinde kwenye mkunjo wa chini.

Moyo nao hauji nyuma sana. Mwaka 2009 daktari Andrea Pusic na wenzake walichapisha dodoso liitwalo BREAST-Q, ambalo humwuliza mwanamke mwenyewe: unajionaje kwenye kioo, una maumivu gani, unajiamini kiasi gani mbele za watu. Baada ya kupunguzwa maziwa, majibu hupanda sana. Kwetu nadhani sababu moja ni kwamba hakuna aliyemhurumia kabla. Akilalamika huambiwa wenzake wanayatamani, na msichana aliyeacha kukimbia shuleni huambiwa amekua. Hata hivyo, mwili una kumbukumbu zake. Jamaa yangu mmoja aliyefanyiwa Nairobi alirudi mwepesi, akicheka, lakini kila pikipiki ilipoingia shimoni mkono wake ulikimbilia kifuani kukishika, ukakuta hewa. Aliniambia wiki ya pili alilia asubuhi nzima bila msiba wowote, kisha akaenda kununua blauzi ya vifungo, ya kwanza tangu darasa la sita.

Hatari zipo: kidonda kuachia pale mistari ya nanga inapokutana, ganzi, makovu ya kuvimba ambayo ngozi nyeusi huyapata zaidi, na ujauzito unaweza kuyakuza maziwa tena. Daktari atazieleza.

Kuhusu kilo, nilimjibu mama wa Muyinga kwamba nyama hupimwa palepale kwenye mizani, kulia peke yake na kushoto peke yake. Nusu kilo hadi kilo moja kila upande si ajabu. Rekodi za kale zina mambo makubwa zaidi: mwaka 1669 daktari William Durston wa Plymouth, Uingereza, alieleza habari za mwanamke ambaye ziwa lake moja, alipokufa, lilipimwa ratili 64, karibu kilo 29. Baada ya mizani, kila upande hutiwa kwenye chombo chake chenye fomalini na kupelekwa maabara kutazamwa kama kuna saratani iliyojificha, ili ikipatikana ijulikane ni ya upande upi. Nikaongeza kwamba mtu huambiwa asinyanyue kizito kwa wiki nne hadi sita.

Jibu lake lilikuja kesho yake, na pikipiki zile zile nyuma. "Kumbe natembea na kilo mbili ambazo hakuna anayezinunua. Sawa, dada. Lakini wiki sita hizo, gunia atanibebea nani?"