Mbegu ya Viazi Vitamu Isife Wakati wa Kiangazi



Kila mwezi wa tatu, mvua ikishanyesha mara mbili tatu, akina mama wa vikundi vyetu huku Nyando na Nyakach hutuuliza swali lile lile: "Marando tutatoa wapi?" Shamba limelimwa, jembe liko, watoto wanangoja, lakini mbegu hakuna. Mahindi mtu huyaweka kwenye debe. Rabuon haiwekwi hivyo. Mbegu yake ni rando lenyewe, kitu kibichi, na kuanzia Desemba jua la Kano halina huruma na kitu kibichi. Kinachobaki humalizwa na mbuzi. Basi mtu anangoja shamba la zamani lichipuke lenyewe, anapanda mwezi wa tano, na mvua inamwacha njiani.

Zamani wengi walificha marando kwenye unyevu kando ya ziwa. Ni akili nzuri, na bado wapo wanaofanya hivyo, lakini viboko nao wanapajua mahali hapo. Tena mwaka 2020 ziwa lilipopanda kuliko ilivyowahi kupimwa, bustani za ufukweni zilienda na maji, mbegu na kila kitu. Tangu hapo tunawaambia watu wasiweke mbegu yote mahali pamoja.

Njia ya kwanza ni kitalu karibu na nyumba, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Kata ncha za marando, urefu wa kama sentimita 25 au 30, kutoka kwa mmea ulio na afya. Ukiona majani madogo, yamekunjamana, yana rangi ya manjano, usikate hapo. Huo ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na nzi weupe na vidukari, na ukipanda rando gonjwa umepanda ugonjwa. Panda kwa kubananisha, weka kivuli cha nyasi au mabua ya mahindi, kisha zungushia miiba. Sisi wenyewe tuliwahi kusahau hiyo miiba kwenye kitalu cha kikundi. Jumapili tukaenda Misa, kurudi tukakuta mbuzi wamemaliza ibada yao.

Mahali maji yanakauka kabisa, iko njia nyingine, na hii ndiyo tunaipenda zaidi. Imejaribiwa sana Uganda na upande wa Mwanza na Kituo cha Kimataifa cha Viazi. Hapa huhifadhi rando, unahifadhi kiazi.

Wakati wa kuvuna, chagua viazi vidogo vidogo visivyo na jeraha wala tundu la fukusi, yule mdudu mweusi anayefanana na sisimizi. Tandika gazeti ndani ya karai, weka mchanga mkavu uliopoa, panga viazi visigusane, funika kwa mchanga, panga tena, malizia kwa mchanga. Weka karai ndani ya nyumba penye baridi, panya wasipafikie. Kila mwezi fukua utazame: kilichooza tupa, kilichochipuka mapema vunja chipukizi, rudisha. Mchanga usiutie maji hata kidogo.

Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, yaani huku kwetu katikati ya Januari, vitoe uvipande kitaluni, nusu mita kutoka kimoja hadi kingine, na umwagilie kila baada ya siku tatu nne. Viazi 40 vinaweza kukupa marando kama 1,500. Hesabu mwenyewe ni matuta mangapi.

Dani mmoja alituambia, "Wanangu, mnataka nizike chakula huku wajukuu wana njaa?" Hatukumjibu haraka, maana ana haki. Kiangazi ni kirefu, na karai la viazi chini ya kitanda ni majaribu. Tulikubaliana naye aweke vile vidogo tu ambavyo sokoni havipati mnunuzi. Aliweka 20. Aprili alikuwa na marando ya kwake na mengine akamgawia jirani.

Wenye watoto wadogo, anzeni na aina za rangi ya chungwa ndani, kama Kabode na Vita, kwa sababu zina vitamini A nyingi. Nazo marando yake hayavumilii sana ukame, kwa hiyo karai ni lazima.