Bila zamu, chini ya taa

Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii kiliunganisha kompyuta za visiwani kwa redio, katika mtandao ulioitwa ALOHAnet. Kanuni ya Norman Abramson na wenzake ilikuwa fupi: ukiwa na ujumbe, tuma, ukigongana na wa mwenzako, subiri kidogo kwa kubahatisha, kisha utume tena. Leo kanuni hiyo inatafutiwa kazi vyumbani, mbebaji akiwa mwanga.

Tangu Harald Haas wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alipoitangaza LiFi, yaani mtandao unaotumia mwanga, mwaka 2011, sifa iliyovuma ni kasi. Lakini kihisi cha joto au unyevu kilichobandikwa ukutani hakina haja nayo. Hutuma data kidogo, mara mojamoja, kwa miali ya infraredi kuelekea vipokezi vya darini. Kuvipangia zamu mamia ya vihisi vya aina hiyo ni gharama, ndiyo maana huachwa vitume bila zamu.

Hapo hesabu huwa kali. Hata muda ukigawanywa vipande, vifaa vikatuma mwanzoni mwa kipande tu, kipokezi kimoja hakiwezi kuvuna zaidi ya asilimia 37 ya vipande hivyo. Ukitaka takriban ujumbe 9 kati ya 10 ufike kwa jaribio la kwanza, wastani wa majaribio usizidi moja kwa kila vipande 10. Uhakika unalipiwa kwa ukimya.

Mwanga, hata hivyo, hauvuki ukuta, na hufifia haraka kwa umbali. Jumbe mbili zilizogongana chini ya kipokezi cha mlangoni, mojawapo yaweza kufika safi kwenye kile cha dirishani. Vipokezi vikiunganishwa, kinachopotea kwa kimoja huokolewa na kingine. Vilevile mtu akipita na kuziba miali, huenda kipokezi cha pembeni bado kinaona.

Ila kuongeza vipokezi ovyo si dawa. Kinachoona eneo pana hukusanya migongano mingi. Kinachoona eneo finyu huacha pembe zisizosikika.

Mnunuzi wa mfumo wa namna hii asiishie kuuliza kasi. Aombe jaribio la chumba kilichojaa watu na vifaa vyote vikiwa kazini, kisha ahesabu jumbe zilizopotea.